Isaac Jogues alirudi kwa waliomkata vidole: je, ni ushahidi au kujitakia kifo?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Jumuiya yetu imesoma maisha ya Mtakatifu Isaac Jogues kujiandaa na kumbukumbu yake ya tarehe 19 Oktoba. Kijana mmoja akasema, "Mashahidi wa Uganda walikamatwa wakiwa kwao. Huyu alikuwa ameshatoroka, akafika Ulaya salama, halafu akarudi mwenyewe kwa watu waliomkata vidole. Hiyo si kujiua?" Tulibishana hadi usiku, na hakuna aliyemjibu vizuri. Mwingine akauliza padre asiye na vidole aliadhimishaje Misa. Pia tunataka kuchora picha yake kwenye bango la jumuiya, tuchore nini? Naomba utusaidie. (Mama mwenyekiti wa jumuiya)

Jibu: Milele na milele, amina. Mama, huyo kijana msimnyamazishe. Swali lake lina umri mkubwa kuliko Jogues mwenyewe, na Kanisa halijawahi kuliogopa. Kanuni anayoitetea ni sahihi kabisa: anayejipeleka kufa si shahidi. Tatizo ni kwamba Jogues siye mtu wa kumpiga nayo. Hakurudi kufa. Alirudi kazini, kwa kutumwa, akiwa anaogopa, na kabla ya hapo aliwahi kukikimbia kifo hichohicho alipoona kukimbia ndiyo haki. Ila hayo hayaonekani mpaka mtu asimuliwe habari zenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza kanuni. Katika karne ya 2 Wakristo wa Smirna waliandika habari za kufa kwa askofu wao Polikarpo. Humo wanamtaja mtu aitwaye Kwinto, aliyejipeleka mwenyewe kwa watawala na kuwavuta wengine wafanye vivyo hivyo. Alipowaona wanyama wakali uwanjani, moyo ukamtoka, akaitolea sadaka miungu ya Roma. Wale Wakristo wakaandika bila kuficha kwamba hawawasifu wanaojipeleka, maana Injili haifundishi hivyo. Polikarpo mwenyewe alikuwa amejificha shambani hadi askari walipomfikia. Sipriano wa Karthago, askofu wetu wa Afrika, naye alijificha mateso yalipoanza mwaka 250, akaliongoza kanisa lake kwa barua, na watu hawakuacha kumsema. Mwaka 258 alipokamatwa hakutoroka, akakatwa kichwa. Sinodi ya Elvira huko Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, ilikwenda mbali zaidi: Mkristo anayevunja sanamu za wapagani akauawa papo hapo asihesabiwe miongoni mwa mashahidi. Na Bwana alishasema, wakiwafukuza katika mji huu, kimbilieni mwingine.

Kwa hiyo tumpime Jogues kwa kipimo hicho.

Alizaliwa Orléans, Ufaransa, tarehe 10 Januari 1607. Aliingia Shirika la Yesu, yaani Wajesuiti, mwaka 1624, akapewa upadre mwaka 1636, na mwaka huohuo akavuka bahari kwenda Kanada, ambayo wakati ule iliitwa Ufaransa Mpya. Akapelekwa kwa Wahuron, taifa la wenyeji wa upande wa maziwa makuu ya kule. Miaka hiyo naipita haraka, isipokuwa jambo moja ambalo bila hilo hamtaelewa alivyokufa. Ndiyo miaka ambayo ndui na magonjwa mengine yaliyotoka Ulaya yaliwafyeka Wahuron, karibu nusu yao. Wajesuiti walizunguka nyumba kwa nyumba wakibatiza waliokuwa wanakata roho. Sasa jiweke mahali pa mwenye nyumba: mgeni wa kanzu nyeusi anaingia, ananong'ona maneno usiyoyajua, anammwagia mtoto maji, na kabla ya jua kuchwa mtoto amekufa. Hakuna aliyejua habari za vijidudu, si padre wala Mhuron. Maneno kwamba hawa ni wachawi yalianzia hapo, na sioni cha kuwashangaa walioyasema.

Tarehe 2 Agosti 1642 Jogues alikuwa anarudi kwa Wahuron kutoka Québec, akipeleka mahitaji ya misioni. Msafara ulikuwa wa watu wapatao 40 katika mitumbwi 12, wengi wao Wahuron, baadhi Wakristo na wengine wakatekumeni, yaani waliokuwa wanajiandaa kubatizwa. Kwenye mto Saint-Laurent wakavamiwa na Wamohawk, mojawapo ya mataifa 5 ya muungano wa Wairoquois, waliokuwa vitani na Wahuron pamoja na rafiki zao Wafaransa. Katika vurugu ile Jogues alijikuta ndani ya majani marefu na matete. Hakuna aliyemwona. Angekaa kimya, angepona.

Akatoka akajisalimisha. Hapo kijana wenu atasema, "Si nilisema?" Lakini mwulize alitoka kwa nini. René Goupil, mganga wa upasuaji aliyekuwa akiisaidia misioni, alikuwa ameshashikwa. Wamo wakatekumeni waliokuwa wanakwenda kuuawa bila ubatizo. Padre akiwaacha hao ili ajifiche majanini, amewaacha kondoo na mbwamwitu. Mwenzao Guillaume Couture, kijana mlei mwenye mbio, alikuwa amekwisha kutoroka. Naye akarudi kwa sababu hiyohiyo.

Waliyotendewa njiani sitayaeleza yote. Waling'olewa kucha, vidole vikatafunwa hadi mifupa ikavunjika, wakapitishwa katikati ya mistari ya watu wenye fimbo. Katika kijiji kimoja mzee alimwamuru mwanamke Mwalgonquin, wa taifa jingine la wenyeji, Mkristo aliyekuwa mateka kama wao, amkate Jogues kidole gumba cha kushoto. Yule mama alitetemeka, akalazimishwa, akakata. Jogues alikiokota kile kidole kwa mkono wa pili akamtolea Mungu, mpaka mwenzake akamwambia akitupe upesi wasije wakamlazimisha akile. Siku hizohizo alipewa bua la hindi likiwa na majani mabichi. Akaona matone ya maji kwenye majani, akayakusanya, akawabatizia mateka wawili wa Kihuron waliokuwa wanangoja kuchomwa moto. Mimi katika maisha yake yote hapa ndipo ninapomwona mtu mwenyewe: anapewa mahindi katika njaa ile, na jicho lake linaona maji ya ubatizo.

Walifikishwa Ossernenon, kijiji cha Wamohawk kando ya mto unaoitwa kwa jina lao, katika jimbo la New York la leo. Goupil aliuawa huko tarehe 29 Septemba 1642. Kosa lake lilikuwa moja: alimfanyia mtoto mdogo ishara ya msalaba. Babu wa mtoto aliona, akaamini ni uchawi, akamtuma kijana ampige shoka. Jogues alibaki mtumwa mwaka mzima na zaidi, akichota maji, akikata kuni, akibeba mizigo ya wawindaji. Walikuwamo pia waliomtendea wema. Mwanamke mzee alimtunza, naye akamwita shangazi.

Sasa twende kwenye kutoroka, maana kesi ya kijana wenu inaangukia hapa.

Mwaka 1643 Wamohawk walikwenda naye karibu na Fort Orange, kituo cha biashara cha Waholanzi, mahali palipo mji wa Albany leo. Waholanzi walikuwa Waprotestanti, na kwa nchi zao Mjesuiti hakuwa mtu wa kupendwa. Hata hivyo msimamizi wao, Arent van Curler, alikuwa amejaribu tangu mwanzo kuwakomboa hao mateka akashindwa. Safari hii akampa Jogues nafasi: meli ipo, panda, uende zako. Jogues akajibu apewe usiku mmoja auombee na kuufikiria. Van Curler alishangaa mtu anaomba muda wa kufikiri kuokoka! Lakini hesabu ya Jogues ilikuwa hii: nikiondoka, nani atawaungamisha na kuwabatiza mateka? Nikibaki, je, nitaweza kufanya lolote? Goupil alikuwa amekufa, Couture alikuwa mikononi mwa watu wengine na maisha yake hayakuwa hatarini, na yeye mwenyewe alikuwa ameshapata habari kwamba wakirudi kijijini wanamwua. Asubuhi akasema: nakwenda.

Mtu anayetafuta kifo hafanyi hivyo. Kifo kilikuwa kinamngoja kijijini, bure, hakuhitaji kukifuata popote.

Na kutoroka kwenyewe kulikuwa na tabu zake. Usiku alitoka kwenye banda walimolala na walinzi wake, mbwa wa shamba wakamrukia wakamng'ata mguu, akarudi ndani akivuja damu. Karibu na alfajiri mfanyakazi wa shamba akawatuliza mbwa, na Jogues akachechemea hadi mtoni. Wamohawk walipokuja juu kudai mtu wao, Waholanzi walimficha darini kwa wiki kadhaa, wateja wakiingia na kutoka karibu kabisa na maficho yake. Mwisho wakawalipa Wamohawk fidia, wakampeleka New Amsterdam, ndiyo New York ya leo. Gavana Willem Kieft alimvika nguo na kumweleza kwamba mji ule mdogo ulikuwa na watu wa lugha 18. Kijana mmoja Mpolandi, Mlutheri, alipiga magoti akaibusu mikono yake iliyoharibika na kumwita shahidi wa Yesu Kristo.

Alifika pwani ya Ufaransa siku ya Krismasi ya mwaka 1643. Mapema Januari akabisha hodi kwenye nyumba ya Wajesuiti mjini Rennes, amevaa kama fukara, akasema ametoka Kanada. Mkuu wa nyumba, aliyekuwa anajiandaa kwa Misa, akaja mbio kuuliza habari: je, Padre Jogues unamfahamu? Ameuawa? Mgeni akajibu kwamba yuko hai, na kwamba ndiye anayesema naye.

Hapo tujibu lile swali la Misa. Sheria za ibada za wakati ule zilitaka padre aishike Hostia takatifu kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na baada ya mageuzo vidole hivyo visiguse kitu kingine hadi vioshwe. Padre aliyepoteza vidole hivyo alizuiwa kuadhimisha hadi apate ruhusa ya Roma. Si kwamba alionekana mchafu. Sababu ilikuwa heshima ya Ekaristi, Hostia isije ikaanguka. Jogues alikosa gumba la kushoto, na vidole vingine vilikuwa vimepinda na kukatika. Ombi likapelekwa kwa Papa Urbano VIII, naye akatoa ruhusa. Maneno yanayosimuliwa kuwa ni yake ni kwamba isingefaa shahidi wa Kristo azuiwe kuinywa damu ya Kristo. Kumwita shahidi mtu aliye hai ni jambo ambalo mapapa hawalifanyi hivihivi. Kwa taarifa ya jumuiya, Sheria za Kanisa za mwaka 1983 hazina tena kizuizi hicho kwa aliyejeruhiwa na wengine; zinamtaja yule tu aliyejikata au kumkata mwenzake kiungo kwa makusudi mabaya.

Huko Ufaransa alitukuka, na hakupenda. Malkia Anne alimwita aione ile mikono. Alikwenda kwa kusukumwa. Ilipofika mwaka 1644 akapanda meli kurudi Kanada. Angalieni sana hapa, maana watu huunganisha mambo mawili yaliyo mbali: alirudi Kanada, hakurudi kwa Wamohawk. Alipangiwa Montréal, kituo kilichokuwa na miaka miwili tu. Angeweza kuzeekea hapo.

Mwaka 1645 Wamohawk na Wafaransa walipatana huko Trois-Rivières, kwa hotuba na kupeana mikanda ya shanga kama ilivyokuwa desturi ya wenyeji. Amani ile ilihitaji mjumbe anayeijua lugha ya Wamohawk na desturi zao. Nani mwingine aliyeijua kama yule aliyekuwa mtumwa wao? Mkuu wake, Jérôme Lalemant, akamwandikia. Jogues akamjibu bila kujifanya shujaa: alipofungua barua moyo wake ulishikwa na hofu, na mwili uliokumbuka yaliyopita ulitetemeka, baadaye akatulia, akasema yuko tayari kwa lile ambalo Mungu analitaka. Mtu mwenye kiu ya kufa haandiki hivyo.

Mei 1646 alikwenda pamoja na Jean Bourdon, mhandisi wa koloni. Waalgonquin walimshauri asivae kanzu na asianze na habari za dini, kwa sababu ndizo zinazowachukiza watu mwanzoni. Akakubali, akavaa kiraia. Mkumbushe kijana: huyu ni mtu anayepokea ushauri ili asiuawe. Alipokewa vizuri, akawaungamisha mateka Wakristo, akarudi Julai akiwa salama. Kwa kuwa alitarajia kurudi kuendeleza kazi, aliacha sanduku la vitu vyake. Aliwafungulia mbele ya macho yao waone hakuna kibaya ndani.

Sanduku hilo ndilo lililomwua. Baada ya kuondoka kwake, ugonjwa uliingia kijijini na viwavi wakala mahindi. Mateka Wahuron walikuwa wameshawasimulia habari za kwao, jinsi kanzu nyeusi zilivyofika na watu wakafa. Hesabu ikawa rahisi: padre ameacha shetani ndani ya sanduku. Yeye huku hakujua lolote. Wakuu wake walisitasita kwanza, halafu wakaamua arudi, na tarehe 24 Septemba 1646 akaondoka Trois-Rivières na Jean de Lalande, kijana mlei kutoka Dieppe aliyejitolea kuitumikia misioni, aliyeelezwa hatari zote akakubali. Kwa rafiki yake Jogues aliandika kwamba atakwenda na hatarudi. Najua sentensi hiyo ndiyo inayowasumbua wengi. Lakini askari anayekwenda mpakani, au daktari anayeingia wodi ya Ebola, anaweza kuandika nyumbani maneno hayohayo, na hatusemi amejiua. Kujua kwamba huenda utakufa ni jambo moja, na kutaka ufe ni jingine.

Walikamatwa njiani, wakapelekwa Ossernenon. Wamohawk wenyewe hawakuwa na kauli moja: koo za Mbwamwitu na Kobe zilitaka waachiwe, ukoo wa Dubu ulitaka vichwa vyao. Jioni ya tarehe 18 Oktoba 1646 Jogues aliitwa kula chakula katika nyumba ya watu wa ukoo wa Dubu. Alipoinama kuingia mlangoni, akapigwa shoka. Lalande aliuawa kesho yake. Vichwa vyao viliwekwa juu ya uzio wa kijiji, miili ikatupwa mtoni. Waholanzi ndio walioandika barua kuwapasha Wafaransa habari. Mwaka uliofuata Waalgonquin walimkamata Mmohawk aliyesemekana ndiye aliyepiga shoka. Kabla hajauawa aliomba ubatizo, akapewa jina la Isaac.

Limebaki pingamizi moja ambalo kijana hakulitoa, nami namwazima: kama waliwaua kwa kudhani ni wachawi, au kwa sababu ya vita, je, hicho ni kifo kwa ajili ya imani? Kanisa hudai kuwepo chuki dhidi ya imani, na kwa Goupil hakuna shida, ishara ya msalaba inatosha. Kwa Jogues mambo yamechanganyika, na siasa ilikuwamo, sipingi. Lakini waliomwua hawakumwua kama Mfaransa. Bourdon alikuwa Mfaransa, alipita akarudi. Walichokichukia ni sala, maji, msalaba na vitu vya sandukuni, kwa kuwa waliamini hivyo ndivyo vinavyoleta mauti. Walikosea kuhusu chanzo cha ugonjwa. Hawakukosea kuhusu alichokuwa anakiishia. Papa Pius XI aliridhika, akamtangaza mwenyeheri mwaka 1925 na mtakatifu tarehe 29 Juni 1930, pamoja na Goupil, Lalande na Wajesuiti watano waliouawa kwa Wahuron na majirani zao: Jean de Brébeuf, Gabriel Lalemant, Antoine Daniel, Charles Garnier na Noël Chabanel.

Sasa bango. Mchoraji achore mkono wa kushoto bila kidole gumba. Picha nyingi zinazouzwa zina vidole vyote kumi, na hapo habari yote imepotea. Goupil na Lalande wawemo, mmoja kila upande, ili vijana wa jumuiya waone kwamba hakufa padre peke yake. Bua la hindi lenye majani linafaa kuliko shoka. Wamohawk msiwachore kama mashetani wenye manyoya: miaka 10 baada ya kifo cha Jogues, katika kijiji hichohicho, alizaliwa Kateri Tekakwitha, baba Mmohawk, mama Mwalgonquin Mkristo aliyekuwa mateka. Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2012. Kama nafasi ipo, mwekeni naye pembeni. Tarehe iandikwe 19 Oktoba, hata kama mtaona 26 Septemba kwenye picha kutoka Kanada, maana wao huadhimisha siku hiyo. Na jina la Jean de Brébeuf litangulie la Jogues, ndivyo kalenda ya liturjia inavyowaandika.